Mpokeaji ni Sisi

Shoga, nimekwisha.

Yule mteja aliyenunua gauni kwa binti yangu mtandaoni, anayedai arudishiwe hela eti mzigo haujamfika? Wiki nzima binti anamwita mwizi. Leo kamwanika mtandaoni, na picha yake kaweka!

Sasa hivi dereva wa vifurushi kagonga.

"Bibi, mzigo wenu."
"Wetu? Sisi tunauza, hatununui."
"Mpokeaji ni nyie. Imeandikwa."

Imeandikwa, shoga. Kwa mkono wangu, mwandiko ule ule binti anaousifu hata akaniachia kuandika mizigo yake! Penye mtumaji nimemwandika mteja, penye mpokeaji nimeandika sisi.

Binti yuko chumbani namsikia anamrekodia sauti: "Mwizi mkubwa wewe, gauni umelivaa!"

Na mzigo nimeukalia. Shoga, nanyanyukaje hapa?