Jeneza la Nyuzi za Migomba

Ijumaa, baada ya mazishi ya mama

Walikataa. Baba mdogo alisimama kwa mlango wa stoo, akaliangalia lile jeneza nililosuka kwa nyuzi za migomba, akasema, "Mama yako tutamzika kwa kikapu? Watu wa kanisa watatuonaje?"

Walienda mjini Chepilat wakanunua la mbao, lenye vipini vya kung'aa.

Kinachoniudhi ni kitu kidogo tu. Nyuzi zile alizitoa mama mwenyewe. Mashina ambayo majirani wanalisha ng'ombe, yeye alikuwa anaenda kuyaomba, anayakwangua kwa kisu butu mpaka vidole vinakuwa vyeusi.

Leo nimeshukuru watu, nimerudisha viti kanisani, nimekunywa chai. Sijalia. Sijui kama nitalia.

Jioni baba mdogo ameniuliza kama lile langu litapata mnunuzi, ama tuweke mahindi ndani.

Sikumwambia kipimo cha jeneza nilikitoa wapi. Ile siku nilipoanza kusuka, mama alivua viatu, akalala chini juu ya gunia, akaniambia, "Pima mimi."