Namba Tatu za Kiden

Lado, ndugu yangu,

Bado nakuonea wivu. Nilidhani tukishakuzika kule Gumbo utaisha, lakini wapi! Msibani kwako watu walilia mpaka nikaanza kujiuliza nani atanililia mimi hivyo, muuza spea za boda boda ninayegombana na wateja kwa ajili ya nati moja.

Kibanda chako pale soko la Custom sasa kinauza chaja za simu. Waliozoea kuja kwako uwakatie tiketi za ndege bado wanakuja, wanakuulizia. Nikiwaambia, wananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyekuletea hiyo malaria iliyokuua. Juzi yule mama Mganda wa mitumba alinipima juu mpaka chini. "Lado alikuwa mtu," akasema. "Wewe iko rafiki yake kweli?"

Lakini wivu wenyewe ni wa Kiden, mke wangu. Unajua alivyokuwa akija kwako na kadi yake ya benki kulipa mtandaoni, mara tiketi ya binti yetu Poni ya kwenda Entebbe, mara karo yake kule Kampala. Mimi nikimwomba zile namba tatu za nyuma ya kadi, anacheka: "Baba Poni, uza spea." Na kwenye kadi hazionekani tena. Ulimwambia azishike kichwani, kisha azikwangue kwa pini. Basi nikaamini duniani zinajulikana na watu wawili, yeye na wewe. Mume hayumo. Ulipokufa, Mungu anisamehe, katikati ya machozi niliwaza: sasa nafasi iko wazi.

Sikia kilichotokea. Kiden aliacha simu yake dukani kwangu ipate chaji. Ikalia. Mwanamume, sauti tamu kama asali, anasema anatoka benki. Jina la Kiden analo. Namba ndefu ya mbele ya kadi akanisomea yote. Anasema kuna mtu anaiba pesa sasa hivi, na ili amzuie anahitaji zile tatu za nyuma. Lado, karo ya Poni ilikuwa mle! Nikakimbia na simu mpaka kwenye meza ya Kiden ya vitenge.

"Nipe zile namba, haraka! Benki wanazitaka!"

"Benki iliyonipa kadi haiwezi kuniuliza namba zake," akasema. "Kata simu."

Hapo nikapasuka, mbele ya wauza vitenge wote. "Lado ulimpa! Mimi mumeo unaninyima?"

Kijana wa boda alizima hadi injini apate kusikia vizuri.

Kiden akachukua simu, akaikata yeye. Kisha akasema polepole, "Shemeji hakuzijua. Nilikuwa naziandika mwenyewe kwenye kompyuta yake. Yeye aligeuka akatazama ukuta mpaka nimalize."

Malesh, Lado, nisamehe. Nilikosa pa kuweka uso.

Akanieleza ulivyomfundisha. Namba ya mbele inatembea, kila unapolipa inabaki kwa uliyemlipa, na mwizi anaweza kuipata. Zile tatu za nyuma ndizo zinazoonyesha kwamba kadi iko mkononi mwako, na asiyekuwa nazo anakwama hapo. Ndiyo maana yule bwana alikuwa na kila kitu isipokuwa hizo. Kiden akaipigia benki kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, wakaifunga, wakampa nyingine. Jirani yangu wa magodoro alipigiwa na sauti hiyo hiyo. Yeye alizitaja. Sasa duka lake lina hewa tu.

Ungedhani nimepoa. Hata! Nilipoamini unazijua, nilijiambia una bahati tu. Kumbe ziliwekwa mbele ya macho yako na wewe ukageuka. Nitashindana vipi na mtu aliyetazama ukuta? Mimi ningechungulia, Lado, najijua. Ningejifanya nakohoa huku jicho moja liko palepale.

Jana nyumbani Kiden alikuwa analipa karo kwenye simu kwa kadi mpya. Akaniita, "Baba Poni, njoo ukae hapa." Nikaona nikufunike kabisa. Nikageuka, nikavuta shati mpaka juu ya kichwa. Alicheka mpaka akakosea kuandika. Akasema, "Shemeji hakuwa na vituko hivi." Unaona? Hata nikiwa ndani ya shati unanishinda.

Lakini nilimsikia akigusa tarakimu zake nami niko karibu yake, na hakuhamia chumba kingine.

Basi pumzika, mwenzangu. Udongo ukae mwepesi juu yako, na huko uliko usijisifu sana. Ahadi yangu ni hii: sitamuuliza tena Kiden zile namba. Na siku akitaka kunitajia mwenyewe, nitaziba masikio. Ila nitafurahi, Lado. Nitafurahi sana.