Nani Kawafundisha Kuchakura?

12 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ila miguu imevimba na tumbo limekuwa na haraka, linafika mlangoni kabla yangu.

Kazini nimepangiwa chumba cha mashine za kutotolea vifaranga. Mna joto la unyevunyevu, na kila saa trei zinainama zenyewe, maelfu ya mayai yanageuka pamoja bila sauti. Wakati mwingine nahisi na mwanangu tumboni anageuka nayo. Nasimama tu, nasahau nilichofuata.

Baba, usikasirike. Mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba mtoto akizaliwa atachukuliwa na wifi. Amelea wanne, mikono yake inajua. Mimi mama alifariki siku niliyozaliwa. Sikumwona akilea, sasa nitaiga wapi? Naogopa nitamshika vibaya.

Mwanao,
Msumari

25 Machi

Msumari wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unalalamika kwa heshima. Barua yako nimeisoma mara tatu. Sijakasirika.

Karakana si yangu tena. Kuku mwekundu ametaga kwenye maranda ya mbao chini ya meza ya kazi na sasa anaatamia. Nikiwasha msumeno ananitazama mpaka nauzima mwenyewe. Mayai ya katikati anayasukuma pembeni kwa mdomo, ya pembeni anayaleta katikati, yote yapate joto. Nilimpata akiwa kifaranga, peke yake, bila mama, na huu ni uzao wake wa kwanza. Naona Mungu hakutaka kuwaachia walimu jambo hilo.

Naanza kitanda cha mtoto. Nitumie vipimo vya chumba atakacholala, kiwe cha wifi yako au chako.

Baba yako,
fundi asiye na karakana

9 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha mpaka mtoto akapiga teke. Msalimie mwenye karakana.

Jana nilihamishiwa upande wa vifaranga. Hawajawahi kuona kuku mzima wala udongo. Nikawaweka juu ya karatasi, wakaanza kuchakura. Karatasi, Baba! Wanachakura, wanarudi nyuma, wanatazama walichofukua. Kisha kivuli cha mkono wangu kikapita juu yao, wote wakalala chini, kimya. Mwewe wamemjulia wapi? Nikautoa mkono haraka, nikawaomba radhi. Waliporudia kulia, sauti ilijaa chumba kama mvua ndogo juu ya bati, nikamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Lakini mimi si kifaranga. Wao wamepewa. Mimi najitafuta ndani, sioni kitu. Vipimo nitamwomba wifi akupimie.

Mwanao,
Msumari

2 Mei

Mwanangu,

U mzima? Wiki tatu kimya, na vipimo sijaviona. Vifaranga wanane walitoka kati ya mayai tisa, sasa wana zaidi ya wiki mbili. Siku ya kwanza walilala ndani ya kiatu changu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ile wanawake walikuwa chumba cha pili wakimlilia mama yako. Mmoja akakuweka mikononi mwangu akaondoka. Mimi nilizoea kushika ubao. Kidole changu kilikugusa shavuni, kinanuka gundi. Ukageuza kichwa, ukafungua mdomo, ukakitafuta. Ulikuwa na saa mbili tu duniani, nyumba imejaa msiba, na wewe unataka kula. Nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikakimbia kutafuta maziwa. Ndiyo maana nilificha, niliona aibu kwamba nilicheka. Sikujua kitu, mwanangu. Wewe ndiye uliyejua, mimi nikakufuata.

Kitanda kimebaki kukatwa ubavu mmoja. Nasubiri.

Baba yako

20 Mei

Baba mpenzi, na sasa Babu,

Shikamoo. Ni wa kike. Sote wazima.

Wifi alikuja na kikapu na nguo zilizopigwa pasi. Akambeba kwa mikono ile inayojua. Mtoto akalia, akageuza kichwa huku na huku, hakutulia. Mkunga akamchukua akamlaza kifuani pangu, akaenda zake kunawa, bila kunifundisha chochote.

Akanyamaza. Halafu akasogea, Baba. Pole pole, kwa magoti ambayo hayajatumika, paji la uso likinigonga, mpaka akafika mwenyewe. Na maziwa yakaja, wala sikuyaita. Miezi yote nilijiona sijui, kumbe anayejua alikuwa njiani. Nilikumbuka kidole chako, nikalia na kucheka, wifi naye hivyo hivyo. Nguo ameziacha. Atakuja Jumamosi kunisaidia kufua. Kikapu amerudi nacho kitupu, akanibusu.

Vipimo ni hivi: kutoka kitanda chetu hadi dirishani, sentimita themanini na mbili. Nimepima mara mbili, kama ulivyonilea.

Mwanao,
Msumari