Mwalimu Wako wa Kwenye Simu

Mama,

Nimerudi mara moja mchana huu nikakukuta umelala. Mboga ziko kwenye sufuria ndogo, zipashe moto tu. Usiongeze chumvi. Dawa ya presha unywe ukishakula.

Ule mlango asubuhi haukupigwa na upepo, niliubamiza mimi. Nilikuwa navaa viatu niende kazini, nikakusikia sebuleni ukimwitikia mdogo wangu kwenye zile video za mazoezi na lishe anazowawekea watu wa umri wako mtandaoni. "Haya mwanangu, nainua goti!" Jirani alipochungulia ukamwambia, "Huyu kitinda mimba wangu ndiye aliyeniachisha chumvi."

Mama jamani! Chumvi nimeificha mimi. Yeye yuko huko mbali, hajui hata sufuria zetu zinakaa wapi. Mwaka mzima nakubembeleza tutembee mpaka kituoni na kurudi, unasema magoti yanauma. Leo goti linapanda lenyewe, kwa sababu anayekuambia ana taa nzuri usoni na watazamaji kibao.

~~Basi leo akupikie yeye.~~ Hapana, hilo nimelikata. Kula ushibe.

Nimeona wivu, mtu mzima mimi. Nilipopita dirishani ulikuwa unacheka kama zamani, nikatamani anayekuchekesha niwe mimi.

Jioni usianze mazoezi mpaka nirudi. Video yake iwashe tu, sina neno. Hii meza nitaisogeza pembeni mwenyewe, tutoshee wawili.

Kifungua mimba wako