Hereni za Ningu

Nyumbani kwa Agneta Nabwile,
Matulo, karibu na Webuye.
Juni 2005

Kwa kaka yangu Kiragu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Mko salama hapo Tuwan? Kui mdogo amepona kikohozi? Na Mama, goti lake bado linamsumbua baridi ikiingia? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inachemka. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Siku ile ulicheka mpaka nikasikia wateja wako dukani nao wanacheka, kisha ukasema ati niache kufukuzana na samaki, nirudi Kitale tuuze dawa ya kupe. Basi kaa chini usome mpaka mwisho, maana barua haikatizwi.

Unajua kilichonileta huku, ingawa hujawahi kukisikiliza vizuri. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini mvua ya masika ikianza huupanda mto Nzoia kwenda kutaga mayai, na zamani walifika mpaka hapa Matulo, chini ya maporomoko ya Webuye. Mradi wetu unataka kujua kama bado wanafika. Tuliwavua kule chini Budalang'i, tukawatia alama kwenye pezi la mgongoni, tukawaachilia waendelee na safari yao. Mimi nikatumwa huku juu kuwangojea. Na si mchezo, kwa sababu kuna kampuni inataka kujenga ukuta katikati ya mto. Ikionekana ningu wanapanda, ukuta utaachiwa njia ya samaki. Isipoonekana, mto unafungwa kabisa, na watu wa huku hawatamwona ningu tena.

Nikangoja. Kila samaki aliyeletwa sokoni nilimgeuza na kumtazama mgongo, mpaka wauzaji wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nami sikuweza kuwajibu, kwa kuwa mkubwa wangu, Daktari Jotham, alinikataza kabisa kusema tunatafuta nini. Ati watu wakijua watatuletea uongo. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano ukaisha, na sikuona hata alama moja.

Wiki mbili zilizopita Jotham akaja kutoka Bungoma. Agneta, mama mwenye nyumba wangu, ni mjane, na alimchinjia kuku wake anayetaga. Yule bwana akala akashiba, na huku bado ameshika paja mkononi, akatangaza kwamba ripoti yake iko tayari: ningu hawapandi tena, watu wa Matulo wamewamaliza kwa mitego yao. Alisema hayo mezani pa Agneta, Kiragu! Agneta akamwongezea mchuzi. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa karibu na zizi, maana ningebaki ningesema neno ambalo ningelijutia.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani tukapitia mtoni ili Agneta akague mtego wake wa matete. Aliuinua, akatoa ningu mmoja mnene, na kwenye pezi lake nikaona kitu cha manjano kinang'aa. Kabla sijafungua mdomo, Agneta alimrudisha mtoni, tena kwa upole, akapangusa mikono kwenye leso. Nilipiga kelele mpaka watu waliokuwa ng'ambo wakasimama kutazama. Nikamuuliza amefanya nini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniambia, "Si hiyo iko na mwenyewe? Mimi sikulangi mali ya mtu."

Kumbe mwaka huu wote wamekuwa wakiwavua na kuwarudisha. Si Agneta peke yake, ni kijiji kizima. Shemeji yake, Barasa, aliwahi kupewa ndama na mtu mmoja, ndama mwenye hereni ya namba sikioni. Baadaye mwenyewe akamgeuka, akasema ameibiwa, na Barasa akashikwa. Tangu hapo mnyama mwenye hereni haguswi Matulo, na samaki naye akawekwa humo humo. Hawa ndio watu ambao Jotham aliwaita wamalizaji.

Sasa sikia sehemu yako, wewe uliyecheka. Alama za samaki zilichelewa kufika, Jotham akasema tutafute chochote, nami kwa upendo wa ndugu nikaja kwako. Ukanipa hereni za wana-kondoo, za manjano, zenye namba tu bila neno lolote, ukaniapia kwamba hata samaki hatajua tofauti. Samaki hakujua, kweli. Lakini kila mtu anayefuga kutoka Suam mpaka hapa anajua hereni ni nini. Wewe unaziuza kila siku, hukufikiria. Mimi nimekulia dukani humo humo, sikufikiria. Na Jotham pamoja na udaktari wake ndiyo kabisa.

Nilimpigia simu nikamweleza. Akanijibu kwamba maneno ya kina mama si ushahidi, na ripoti inaondoka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kama kuku wa kina mama ni ushahidi. Akakata.

Maji yalikuwa yameanza kupungua, na ningu wakishamaliza kutaga hurudi ziwani. Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikawaambia kina mama kwamba wale samaki ni wangu, wawavue, wawale, waniletee hereni tu. Wakanisikiliza kwa adabu, wakanipa chai, na hakuna aliyevua. Nilikasirika nao pia, usidhani niliwaacha. Nikawaambia kwamba mto unafungwa nao wamekaa wanakunywa chai.

Ijumaa ndipo walianza kuleta. Walikuja na mabeseni, wanacheka, wanaitana njiani, na hereni zako nikaziweka kwenye sahani kubwa ya Agneta mpaka ikajaa. Jotham alipokuja akaiona sahani ile, aliomba maji ya kunywa. Ripoti imeandikwa upya, na mimi nilisimama nyuma yake akiiandika. Inasema ningu wanafika Matulo na kwamba mto usifungwe bila njia ya samaki. Ameongeza sentensi ya kuwashukuru wakazi kwa uaminifu wao, kwa sababu nilikataa kutia sahihi mpaka aiongeze.

Utauliza niliwageuzaje kina mama. Kiragu, hapa ndipo unapaswa kuangalia kama Mama yuko karibu.

Walinipa sharti. Agneta ndiye aliyetumwa kulisema: "Mwenye mali akule kwanza, tukiona." Yule aliyempa Barasa ndama hakuwahi kukaa naye kula, ndiyo maana aliweza kumgeuka. Mtu akisema samaki ni wake na amekupa, basi ale mbele yenu, ndipo mjue hatakuja kesho na polisi.

Na mimi ni mtoto wa nyumba gani? Nyumba ambayo nyanya yetu, Shosho Nyaruai, alitufundisha kwamba samaki ni nyoka aliyejificha majini. Nyumba ambayo jirani akiazima sufuria na kuirudisha ikinuka omena, Mama anaipeleka kwa kuku, haiingii jikoni tena. Mimi mwenyewe nimewashika ningu mwaka mzima na sijawahi kulamba kidole.

Walimpika ningu mmoja Alhamisi mchana, wakamleta mzima na kichwa chake, hereni wakaiweka kwenye kisahani pembeni ili wote waione. Kina mama wamejaa mpaka mlangoni. Barasa naye alikuja, akasimama dirishani. Nilimwona yule mzee akiangalia mkono wangu, nikajua siwezi kuondoka pale bila kula.

Nilikula, Kiragu. Tonge la kwanza nilimeza nimefumba macho. La tatu nilikuwa nimeyafumbua. Kisha nikaomba kuongezwa.

Sirudi kuuza dawa ya kupe. Mwambie Mama nampenda, na umsomee barua hii yote au uifiche, sasa ni juu yako. Kui mbusu. Humu ndani nimekuwekea hereni moja uitundike dukani, mahali utakapoiona kila ukitaka kucheka. Krismasi nakuja na ningu wa kukaushwa. Sufuria nitabeba yangu.

Dada yako,
Wamboi,
mwenye samaki.