Wifi Tusajigwe, Mkunga Aliyemgusa Mtoto Aliyepigwa na Radi

Mwaka umetimia, wifi yangu Tusajigwe, tangu homa ya mapafu ikuchukue hapa Rungwe, Machi 1957. Bado tukisikia mtu anagomba huko migombani tunageuka, tukidhani ni wewe.

Ulikuwa mkali, acha tuseme ukweli. Mzazi akipiga kelele za uchungu ulimwambia anyamaze, asije akamtisha mtoto. Lakini kichanga kikichelewa kupumua ulikifuta kinywa kwa kidole, ukakipulizia taratibu huku ukikiita mvivu, mpaka kilie. Hapo ndipo ulipocheka.

Siku ile ya masika radi ilimpiga Atuganile, binti wa mdogo wako Yotamu, akitoka kukata majani ya mgomba. Alilala matopeni, hapumui, miguu imegeuka rangi na kuwa ya baridi. Kwetu aliyepigwa na radi haguswi wala haliliwi mpaka mzee wa dawa afike, na mzee alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Mimi mama yake, Damari, nilishikwa mikono nisimkaribie. Nilidhani nitapasuka.

Ukaja na jembe begani. Yotamu akakuzuia. "Dada, usimguse. Itakuchukua na wewe."

"Huyu nilimpokea akiwa hapumui," ukasema. "Nampokea tena."

Ukapiga magoti, ukampulizia. Radi ikalia tena juu yetu, watu wakajitupa chini. Wewe hukuinua kichwa. Sisi tulishakata tamaa, nawe ukaendelea kupuliza. Mwishowe akakohoa.

Miguu yake, iliyokuwa imekufa ganzi, ilipata nguvu jioni. Michoro myekundu mgongoni, kama matawi ya mti, ilifutika baadaye. Sikio la kushoto lilitoka damu. Hospitalini walisema ngoma yake imepasuka, na halisikii hadi leo. Wingu likitanda bado anatetemeka.

Baada ya hapo wanawake waliogopa mikono yako, wakaacha kukuita kuzalisha. Uliumia. Mimi nilikuita nilipomzaa mwanangu Lutengano, nawe ukanigombeza kama zamani.

Siku ulipokata roho, Atuganile alikuinamia akakupulizia. Akakuita mvivu, akapuliza tena. Safari hii Yotamu hakumzuia mtu.

Tunakukumbuka sisi: mdogo wako Yotamu, wifi yako Damari, Lutengano uliyempokea mwisho, na Atuganile, anayepumua. Hatutakusahau maisha yetu yote.