Debe la Maji la Jumamosi

Fundi Naftali, ndugu yangu,

Jiko lako limeharibika tena. Nasema lako ingawa ni mali ya serikali, maana tangu Bwana Shauri wa mwisho, yule Mzungu wa wilaya, afunge virago na kuliacha hapa Resti, kwenye nyumba hii ya wageni wa serikali, hakuna mtu mwingine ila wewe aliyelijua tumbo lake. Jumanne pleti ya nyuma kushoto iligoma kupata moto. Nilitaka kulipiga teke, nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: "Yona, usimhukumu mtu kabla hujamsikiliza. Tazama taa kwanza." Nikatazama taa ya stoo, inawaka, kwa hiyo jenereta haina kosa. Nikafungua kisanduku cha fyuzi, zote nzima. Nikazima meni swichi, nikaichomoa ile pleti, nikachomeka mahali pake ya mbele ambayo najua ni nzima. Nilipowasha, ikawa nyekundu. Basi swichi na waya vilikuwa salama, ugonjwa ulikuwa kwenye pleti yenyewe. Nikaigeuza, nikaona koili imekatika karibu na pini, pale pale ulipowahi kunionyesha.

Siku hizi wananiita Fundi. Mtunza Resti ndiye aliyeanza, sasa hata dereva wa trekta la maji ananiita hivyo, na kila nikilisikia jina hilo natamani ardhi ipasuke. Tangu ufe hawajaleta mtu. Wanasema mafundi wote wako kwenye pampu za vijiji vipya, na mpishi anaweza.

Mpishi anaweza! Wewe unajua nilivyokuja hapa, najua mafiga na kuni tu. Unakumbuka wiki ile ya kwanza nilipokuita nikilalamika kuwa pleti haichemshi maji? Ulikuja na mkoba wako, ukalitazama jiko, ukalitazama sufuria langu, ukaliinua na kulizungusha mezani kama pia. Tako lake lilikuwa la mviringo, limebinuka kwa miaka ya kukaa kwenye mafiga. Ukasema, "Jiko zima. Mgonjwa ni sufuria." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na mkate wangu ulipokuwa ukiungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili, nikaapa kuwa moto wa oveni umeharibika, wewe ulibana kipande cha gazeti mlangoni ukakivuta. Kikatoka chenyewe, bila nguvu. Mlango ulikuwa haufungi. Ukakaza bawaba, ukaenda zako, hata chai hukunywa.

Lakini sikukaa nikaandika barua hii ili nikupe habari za pleti. Ninazunguka, na wewe hukupenda mtu anayezunguka.

Nataka kusema habari za ethi.

Najua unaijua kuliko mimi, ila niache niseme, maana sijawahi kuisema mbele ya mtu yeyote. Nyuma ya jiko kuna waya unaotoka kwenye mwili wake wa bati, unapita ukutani, unakwenda kufungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba. Ulinieleza kwamba umeme ukitoroka njia yake ukaingia kwenye bati, utakimbilia huko ardhini, fyuzi itaungua, na mtu atapona. Hiyo ndiyo ethi. Ukanieleza pia kwamba udongo wetu wa Iramba wakati wa kiangazi unakauka mpaka unakuwa kama kigae, na udongo mkavu haupokei umeme. Kwa hiyo kila Jumamosi ulikuwa ukimwaga debe la maji na konzi ya chumvi pale kwenye chuma. Wafagizi wakasema Fundi anatambikia. Ulisema wacheke watakavyo, mradi maji yamwagwe. Ulipoanza kutumwa vijijini kutengeneza pampu, kazi hiyo ukaniachia mimi. "Yona, hata ukisahau chumvi, usisahau maji."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Ulikuwa mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari mizuri, kisima hakuna. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ya pili, anakwenda kuchota maji mtoni kwa kufukua mchanga, anarudi jua limekuwa kali, debe nusu na tope ndani. Hapa Resti trekta lilileta mapipa kwa sababu wakubwa wa mkoa walikuwa wakija kukagua vijiji. Jumamosi ile nililijaza debe la ethi, nikasimama nalo nyuma ya nyumba. Nikajiuliza ni mwendawazimu gani anamwaga maji safi chini, mtoto wake nyumbani anaogeshwa kwa kitambaa kibichi. Nikalibeba nyumbani kwangu. Jumamosi ya pili pia. Jumamosi ya tatu wala sikusimama kufikiri.

Sijutii kwamba mtoto alioga. Nimejaribu kujutia hilo, nimeshindwa. Ningekuambia ukweli kwamba maji nimeyapeleka kwa mtoto, ungenigombeza, kisha ungekaza mambo kwa njia nyingine. Hilo ndilo linaloniua, Fundi. Ungenielewa.

Alhamisi jiko likaanza kuuma. Ukigusa mlango wa oveni mkono unasisimka mpaka kwenye kiwiko. Wageni wanakuja jioni ile, nyama iko mezani. Ukaitwa kutoka kwenye pampu, ukafika saa kumi na moja, jenereta iliyozimwa mchana ndiyo kwanza imewashwa tena, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope. Ukafungua kisanduku cha fyuzi, ukaziona nzima. Ukaniuliza, huku umenipa mgongo, swali moja tu: "Maji umemwaga Jumamosi?"

Nikasema, "Nimemwaga, Kaka."

Sikutetemeka. Nilisema kama mtu anayeulizwa kama ametia chumvi kwenye mboga. Mtunza Resti alikuwa amesimama mlangoni, na nilihofu akisikia maji ya serikali yamekwenda kwangu, kazi sina. Wewe ukaitikia kwa kichwa. Ukasema basi ethi ni nzima, na kama ethi ni nzima na fyuzi haijaungua, hakuna umeme ulioingia kwenye bati, ni mikono yangu tu iliyolowa. Uliamini neno langu kuliko ulivyoamini jiko. Ukaacha umeme unawaka ili uzitazame pleti zikiwa nyekundu. Ukapiga goti, mkono wa kulia kwenye mlango wa oveni. Ulipotaka kuinuka ukashika ukingo wa sinki kwa mkono wa kushoto. Sinki lile bomba lake linaingia kwenye shimo la maji machafu, na pale udongo haukauki hata wakati wa kiangazi; umeme ukapata njia ya ardhini kupitia mwilini mwako.

Hukupiga kelele. Uling'ang'ania tu, macho yamenitazama mimi. Nilikumbuka ulichonifundisha, kwamba usimshike mtu, zima kwanza, nikakimbilia meni swichi nikazima. Ukaanguka kifudifudi. Nilikugeuza. Nikakuita. Naftali, nilikuita!

Ofisini waliandika kwamba fundi alifanya kazi kwa uzembe, bila kuzima umeme. Waliniuliza, nikasema mimi ni mpishi, mambo ya umeme siyajui. Hiyo ikawa mara ya pili. Ya tatu ilikuwa kwenye matanga, kwenu Misigiri, nilipokaa kimya.

Hapo ndipo sijui nikuandikie vipi. Kaka yako mkubwa alisimama akasema mtu aliyeshika umeme miaka yote asipigwe, hawezi kupigwa hivi hivi siku moja, lazima kuna mkono. Wanawake wakaanza kumtazama mkeo. Wakakumbushana kwamba mtoto wenu wa kwanza alikufa, na kwamba asubuhi ile alikupikia uji ukaondoka hukuumaliza. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka pale, naijua habari yote, nimeshika kikombe cha chai ya msiba. Nikaimaliza ile chai, Fundi. Kabla arobaini haijafika wakamrudisha kwao na sanduku lake. Binti yako Tabitha na mdogo wake wakabaki kwa kaka yako, kwa sababu wanasema mchawi halei watoto wa ukoo.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua zaidi ya mwaka. Nimepika, nimelishika jiko lile kila siku, na kila Jumamosi nimemwaga debe zima na chumvi, hata mvua ikiwa inanyesha, mpaka wafagizi wanasema nimerithi mizimu yako. Nilidhani hiyo ni toba. Nilikuwa najidanganya.

Mwezi uliopita nilikwenda Misigiri kutafuta mtama. Nikakutana na Tabitha njiani, amebeba mzigo wa kuni mkubwa kuliko yeye. Amekonda, ila paji la uso ni lako. Akatua mzigo, akapiga goti, "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitikia, nikamuuliza habari za shule, akasema haendi tena, anamsaidia mama mkubwa. Kisha akanitazama kama ulivyokuwa unalitazama jiko kabla ya kulifungua. Akauliza, "Baba mdogo, wewe ulikuwepo. Ni kweli mama ndiye alimuua baba?"

Nilisema hapana. Nikasema hapana mara mbili. Akauliza tena, "Sasa nani?" Nami, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikambebesha mzigo wake kichwani, nikamwambia aharakishe asije akagombezwa.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Wiki iliyofuata nikamwambia mke wangu kila kitu. Alilia, akasema nikisema nitafungwa, na yeye na mtoto watakula nini. Huenda kweli nitafungwa. Sijui sheria inasemaje juu ya mtu aliyeua kwa neno moja. Nikaenda kwa shemeji hata hivyo, huko kwao. Nikamkuta anapepeta mtama uani. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia debe mpaka chai ya msiba, na yeye hakuacha kupepeta. Nilipomaliza nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe.

Akaweka ungo chini. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema, "Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikumuua mume wangu. Hujaniletea habari. Nenda ukawaambie wasiojua."

Akaokota ungo wake. Nikaondoka.

Amesema kweli, kaka. Nilikwenda kwake kwa sababu kwake ndiko kulikokuwa rahisi. Hana cha kunifanya, amekwisha kunyang'anywa vyote. Wenye watoto ni wale wa Misigiri, na wenye karatasi yenye jina lako na neno "uzembe" ni wale wa ofisini. Kwa hiyo nimetuma ujumbe kwa kaka yako kwamba ninataka kikao cha ukoo, na mzee wa kanisa awepo, na Tabitha awepo. Alikubali, anadhani nina neno la kuongeza juu ya shemeji. Ni kesho. Basi la asubuhi litanifikisha kabla jua halijawa kali, na nikirudi, kama nitarudi, keshokutwa asubuhi nitakwenda ofisini Kiomboi kulisema tena mbele ya wale walioandika.

Ninaogopa, Naftali. Naogopa kaka yako, naogopa polisi, lakini zaidi namwogopa yule mtoto atakaponitazama. Nimejaribu kupanga maneno, nimeona hakuna maneno ya kupanga. Nitaanza na jina langu. Nitasema niliulizwa swali moja na mtu aliyeniamini, nikamdanganya, akafa. Wakinipiga, sitainua mkono. Wakisema nimehongwa na shemeji, nitasema tena mpaka waamini.

Basi lala, Fundi wangu. Sikuombi msamaha leo, maana ningekuwa naomba kitu nisichokifanyia kazi. Nitakuja kaburini kwako kukuomba siku Tabitha atakapolala kwa mama yake. Kabla ya siku hiyo hutaniona pale.

Mimi niliyekuwa rafiki yako,
Yona